Mwongozo kamili: barua za kuandikia mamlaka saiti ya ujenzi ikikutwa na udongo wenye sumu

Eskaveta imeshuka mita mbili, mara udongo unabadilika unakuwa mweusi, unanuka dizeli, au linaibuka tenki la zamani ambalo halipo kwenye ramani yoyote. Kuanzia hapo mradi una kazi mbili, moja ya udongo wenyewe na nyingine ya karatasi, na hii ya karatasi watu wengi wanaichukulia poa wakati ndo inayoamua kama kazi itaendelea au itasimama miezi. Barua utakayoandika ataisoma afisa mazingira leo, pengine wakili mwakani, na miaka mingi baadae ataisoma mtu anayetaka kununua nyumba iliyojengwa pale juu akae na watoto wake. Kwaiyo kila sentensi iandikwe hivi kwamba mtu asiyewajua kabisa aweze kuikagua, yani nani kafanya, lini, sehemu gani ya kiwanja, kwa kipimo gani, na ushahidi uko kiambatisho namba ngapi. Hilo ndo wazo lote, yanayofuata ni namna ya kulitekeleza.

Kabla ya kuandika chochote

Simamisha uchimbaji eneo lile, toa watu, weka uzio. Udongo uliokwishatoka usiupakie kwenye lori kwenda popote, hata kama dereva ameshafika na anasubiri, uweke juu ya nailoni nzito na uufunike turubai mvua isije ikausambaza. Maji yaliyojaa shimoni usiyapige pampu kwenda mtaroni. Na tafadhali sana usiuchanganye ule udongo mchafu na msafi ili vipimo vishuke, sheria za mazingira za nchi nyingi zinalihesabu hilo ni kosa la peke yake na afisa mzoefu atalijua akiangalia tu picha zako na matokeo yako kwa pamoja.

Alafu piga picha zenye tarehe, chukua vipimo vya eneo kwa futi kamba au GPS, andika saa kila tukio lilipotokea. Hii daftari ya siku ya kwanza ndo mama wa barua zote zitakazofuata. Kama kuna harufu kali inayoumiza kichwa, au vipande vya asbesto, watu wasikae wanapiga picha pale, waondoke kwanza. Asbesto usiichimbe kavu hata kidogo maana vumbi lake ndo linaloua.

Hatua ya 1: jua ni barua gani unaandika

Kuna barua ya kutoa taarifa kwamba mmegundua uchafu, kuna majibu ya notisi au amri ya mamlaka, kuna barua ya kuwasilisha mpango wa usafishaji, kuna taarifa za maendeleo, na kuna barua ya kuomba faili lifungwe, yani mamlaka itamke kwamba hakuna hatua nyingine inayohitajika. Watu wanaharibu kwa kuchanganya, unakuta mtu kwenye barua ya kwanza kabisa anaomba faili lifungwe wakati hata sampuli moja haijaenda maabara. Barua ya kwanza kazi yake ni kusema tumeona nini na tumezuia nini, basi.

Angalia pia kibali chako cha ujenzi na cheti cha tathmini ya mazingira kama unacho, soma masharti moja moja, humo mara nyingi imeandikwa taarifa itolewe ndani ya muda gani na kwa nani. Sehemu nyingine ni saa 24, sehemu nyingine ni siku kadhaa, usikisie, soma ya kwako. Kama muda ni mfupi piga simu kwanza, andika jina na cheo cha uliyeongea nae na saa, alafu barua ifuate ikitaja ile simu.

Hatua ya 2: nani anasaini

Hapa pana ugomvi karibu kila saiti. Mmiliki anasema ni kazi ya kontrakta, kontrakta anasema mimi nimekuta tu, konsalta anasema mimi natoa ushauri. Kanuni ya mchafuzi kulipa imo kwenye Azimio la Rio la mwaka 1992 la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, kanuni ya 16, lakini kwenye nchi nyingi sheria inamshika pia mwenye ardhi au mwenye kibali hata kama uchafu ulimwagwa na mtu mwingine zamani. Njia inayofanya kazi ni hii: mwenye kibali ndo anasaini barua, konsalta wa mazingira anaandaa na kusaini ripoti ya kitaalamu inayoambatishwa, kontrakta anatoa maelezo yake ya maandishi ya nini kilitokea siku ile. Kila mtu anasema anachokijua mwenyewe.

Mpe wakili aisome kabla haijatoka, hasa sehemu zinazogusa nani kasababisha. Wakili anaruhusiwa kukushauri usikubali lawama ambayo haijathibitishwa. Haruhusiwi kukushauri ufiche namba, na kama akikushauri hivo tafuta mwingine.

Hatua ya 3: kusanya ushahidi, hapa ndo pana kazi kubwa

Anza na historia ya kiwanja. Kulikuwa na nini pale kabla? Kituo cha mafuta kinaacha petroli, dizeli na benzini, na kama ni cha zamani sana madini ya risasi pia, kwa sababu petroli ilikuwa inatiwa risasi. Kiwanda cha kutibu mbao kinaacha kromiamu, shaba na aseniki. Sehemu ya kuvunja betri inaacha risasi na asidi. Dobi wa kufua kwa kemikali anaacha tetrakloroethileni, na hii ina tabia mbaya, ina uzito zaidi ya mara moja na nusu ya maji, kwaiyo haielei kama mafuta, inazama mpaka chini ya maji ya ardhini na baadae mvuke wake unapanda unaingia ndani ya majengo kupitia nyufa za sakafu. Ukijua historia unajua maabara ipime nini. Ukipeleka sampuli na kusema "pimeni uchafu" utaletewa kipimo cha bei rahisi ambacho hakina uhusiano na tatizo lako, na afisa atakirudisha.

Sampuli yenyewe ina nidhamu zake. Tumia maabara yenye ithibati ya ISO 17025, yani kiwango cha kimataifa cha uwezo wa maabara za upimaji, na ithibati iwe inahusu kile kipimo, sio ithibati ya maabara kwa ujumla, maana maabara inaweza kuwa na ithibati ya metali lakini haina ya benzini. Kila sampuli iwe na namba, kina, nukta kwenye ramani, na fomu ya makabidhiano inayoonyesha nani kaichukua, kampa nani, saa ngapi. Fomu ikiwa na pengo la siku mbili ambazo hakuna anayejua sampuli ilikuwa wapi, matokeo yake yanaweza kukataliwa yote.

Na kuna muda wa kuhifadhi. Kwa mbinu zinazotumika sana maabara, maji ya kupima kemikali zinazoruka kama benzini yanajazwa kwenye chupa ndogo za mililita 40 mpaka juu bila kiputo cha hewa, yanatiwa asidi, yanakaa kwenye barafu, na yanatakiwa yapimwe ndani ya siku 14, bila asidi siku 7. Metali za kawaida kwenye maji yaliyotiwa asidi zinavumilia miezi 6, zebaki siku 28. Kwaiyo ukiona ripoti ya benzini iliyopimwa mwezi mzima baada ya kuchukuliwa, ile namba ndogo unayoifurahia inawezekana imekuwa ndogo kwa sababu benzini imeruka ikaondoka, usiiweke kwenye barua kama ushahidi wa usafi.

Sasa mitego mitatu ya namba ambayo nataka uiangalie kwa macho yako kabla ripoti haijaambatishwa.

Mtego wa kwanza ni neno "haikugundulika". Mashine ina kiwango chake cha chini inachoweza kuripoti. Chukua benzini, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni maikrogramu 10 kwa lita, sawa na aseniki na risasi. Kama maabara inaripoti kuanzia maikrogramu 50 kwenda juu, basi "haikugundulika" maana yake ni kwamba inaweza kuwa 49, karibu mara tano ya kikomo, na wewe umeandika hakuna kitu. Kwenye jedwali lako weka kolamu ya kiwango cha chini cha kuripoti pembeni ya matokeo, pembeni yake kikomo, na kama cha maabara ni kikubwa kuliko kikomo rudisha sampuli ipimwe upya kwa mbinu nyeti zaidi.

Mtego wa pili ni vipimo vya uzito. Miligramu moja ni maikrogramu 1,000, ukikosea hapo umekosea mara elfu. Na udongo unapimwa ukiwa mbichi au mkavu? Vikomo vingi vinahesabiwa kwa uzito mkavu. Udongo wenye maji asilimia 20 uliosoma miligramu 100 kwa kilo ukiwa mbichi, ukiugawa kwa 0.8 unapata 125 kwa uzito mkavu. Kama kikomo chako ni 110, umetoka kufaulu ukaingia kufeli bila udongo kubadilika.

Wa tatu ni wastani. Sampuli tisa zinasoma 20 na moja inasoma 900, wastani ni 108, unaonekana mzuri kwenye karatasi, lakini ile nukta ya 900 ipo pale na mtoto anaweza kuja kucheza juu yake. Andika ya juu kabisa, ya chini kabisa, idadi ya sampuli, na onyesha ile nukta iko wapi kwenye ramani.

Hatua ya 4: barua ya kwanza

Iwe ukurasa mmoja. Kumb. Na., tarehe, anwani, kichwa, mwili, sahihi, orodha ya viambatisho, nakala kwa nani. Mwili unaweza kuwa hivi, weka namba zako:

*YAH: TAARIFA YA KUGUNDULIKA KWA UDONGO UNAODHANIWA KUCHAFULIWA, KIWANJA NA. ____, KIBALI CHA UJENZI NA. ____*

*Tarehe ____ saa 4:20 asubuhi, wakati wa kuchimba msingi upande wa kaskazini wa kiwanja, wafanyakazi wa mkandarasi walikuta udongo mweusi wenye harufu ya mafuta katika kina cha mita 1.8 hadi 2.4, eneo la takriban mita 6 kwa 4 (Kiambatisho A, ramani; Kiambatisho B, picha). Uchimbaji katika eneo hilo ulisimamishwa saa 4:35. Udongo uliokuwa umetolewa, takriban mita za ujazo 15, umewekwa juu ya nailoni nzito na kufunikwa ndani ya kiwanja. Hakuna uliotoka nje ya kiwanja. Hakuna maji yaliyoonekana shimoni hadi tarehe ya barua hii. Chanzo cha uchafu bado hakijathibitishwa. Sampuli za udongo zitachukuliwa tarehe ____ na matokeo yatawasilishwa kwenu ndani ya siku ____ baada ya kupokelewa kutoka maabara.*

Angalia hakuna sehemu imesema uchafu ni kidogo, wala kwamba hali imedhibitiwa kikamilifu, wala kwamba watu wasiwe na wasiwasi. Hujui bado. Na hakuna aya ya kusifu kampuni inavyojali mazingira. Ukweli wa mita 6 kwa 4 unamsaidia afisa kuliko sifa zote hizo, na anakuamini zaidi barua zijazo.

Kama mlikuwa mmeshatoa malori mawili nje kabla ya kugundua, sema. Taja yalienda wapi, saa ngapi, na mmefanya nini kuyafuatilia. Kitu hiki kikija kujulikana baadae kutoka kwa jirani kila barua yako iliyotangulia itasomwa upya kwa jicho la mashaka.

Hatua ya 5: kujibu notisi

Mamlaka ikikuandikia notisi yenye hoja saba, majibu yana sehemu saba, kwa namba zilezile na mpangilio uleule. Nakili hoja yao neno kwa neno, chini yake jibu, chini ya jibu kiambatisho. Hoja ambayo bado hujaikamilisha usiiruke, andika kwamba haijakamilika, imefika wapi, na itakamilika tarehe gani. Afisa ana mafaili mengi, ukimlazimisha atafute jibu la hoja ya 4 ndani ya aya ndefu ya ukurasa wa 6 ataandika "haijajibiwa" na atakuwa na haki.

Maneno kama "haraka iwezekanavyo" au "tutachukua hatua stahiki" yatoe. Tarehe inakaguliwa, haraka haikaguliki. Lakini usiweke tarehe ya kufurahisha, uliza maabara wanachukua siku ngapi, uliza dampo lenye leseni lina nafasi lini, ongeza akiba kidogo, ndo uandike. Ukiona hutawahi, omba muda kabla tarehe haijapita, eleza sababu halisi na ambatisha ushahidi wake, kama barua ya maabara inayosema mashine imeharibika. Ombi la siku moja kabla na ombi la siku moja baada ni vitu viwili tofauti kabisa mbele ya sheria.

Na kama notisi ina kosa, mfano imetaja kiwanja cha jirani, sema kwa heshima na ushahidi, alafu endelea kujibu yaliyobaki. Usitumie kosa la namba ya kiwanja kukwepa hoja sita zilizo sahihi.

Hatua ya 6: barua ya mpango wa usafishaji

Hapa unawasilisha ripoti ya konsalta, lakini barua ya juu lazima isimame peke yake. Iseme eneo litatumika kwa nini, maana kikomo cha shule au makazi ni kikali kuliko cha godauni, na kama mnatumia kikomo cha biashara wakati ramani za jengo zinaonyesha flati ghorofani na bustani chini, mpango utarudi. Iseme chanzo ni nini, njia ambayo sumu inaweza kupita, na nani inaweza kumfikia: wafanyakazi wenyewe, wakazi wajao, kisima cha jirani, mto. Iseme kila kitakachofanyika kinakata njia ipi.

Kama mnachimba na kuondoa, taja idadi ya sampuli za kuthibitisha kutoka sakafu na kuta za shimo baada ya kuchimba. Kifusi cha kujazia nacho kipimwe, maana kuondoa udongo mbovu na kuleta mwingine usiojulikana ulikotoka ni kuhamisha tatizo.

Alafu fanya hesabu ya tani mapema. Udongo uliopo ardhini una uzito wa kama tani 1.5 mpaka 2 kwa mita ya ujazo kutegemea aina na unyevu. Shimo la mita za ujazo 300 kwa 1.8 ni tani 540. Kama risiti za mizani za dampo zinajumlisha tani 310, afisa atauliza tani 230 ziko wapi, na swali hilo ni la haki kabisa kwa sababu mara nyingi jibu lake ni kwamba kuna mtu alimwaga bondeni usiku. Kila lori liwe na hati yake: namba ya gari, saa ya kutoka, saa ya kufika, uzito, sahihi ya dampo. Jumla yake iingie kwenye barua, na kama kuna tofauti ieleze mwenyewe kabla hujaulizwa.

Hatua ya 7: barua ya kuomba faili lifungwe

Hii ndo inayoandikwa kwa furaha na ndo inayohitaji umakini kuliko zote. Usiandike "saiti sasa ni salama kabisa". Andika: sampuli ngapi, zimechukuliwa tarehe gani, zimepimwa nini, zote ziko chini ya kikomo kipi cha matumizi yapi. Alafu andika kilichobaki. Karibu kila mara kuna kilichobaki, udongo chini ya nguzo ya jirani ambao haukuweza kuchimbwa, au maji ya chini ambayo yataendelea kupimwa kwenye visima vya uangalizi, yani visima vilivyochimbwa kwa ajili ya kupima tu. Kitaje, kionyeshe kwenye ramani, na taja masharti yanayokizuia: zege la juu lisivunjwe, kisima kisichimbwe, utando wa kuzuia mvuke wa sumu usipande ndani ya jengo usitobolewe.

Kwanini nakaza hapa? Love Canal, jimbo la New York, Marekani. Kampuni ya Hooker Chemical ilifukia kwenye mfereji ule takriban tani 21,000 za taka za kemikali, alafu mwaka 1953 ikaiuzia bodi ya shule ardhi ile kwa dola moja, na hati ya mauzo ilitaja kwamba kuna taka za kemikali na ikamwondolea muuzaji lawama. Shule ikajengwa, nyumba zikajengwa pembeni, onyo likabaki kwenye karatasi ya muuzaji na mnunuzi wakati familia zinaishi pale. Mwaka 1978 ikatangazwa hali ya dharura na watu wakahamishwa, na mwaka 1980 Marekani ikapitisha sheria ya Superfund, ya kusafisha maeneo yenye taka za sumu. Mwaka huohuo wa 1980 huko Lekkerkerk, Uholanzi, mtaa mzima wa nyumba mpya ulikutwa umejengwa juu ya mapipa ya taka za kemikali. Kwaiyo kwenye barua yako ya kufunga weka aya inayosema masharti yatamfikia vipi mtu anayekuja: yataandikishwa kwenye hati ya ardhi, yatawekwa kwenye mkataba wa mauzo, nani atakagua zege na utando na kila baada ya muda gani.

Hatua ya 8: kuituma na kuitunza

Peleka nakala ngumu, ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yako, au isainiwe kwenye kitabu cha dispachi, na siku hiyohiyo tuma PDF kwa emaili. Namba ya kumbukumbu ya mamlaka iwe kwenye kila barua. Viambatisho vipe herufi na usizibadilishe katikati ya mradi, Kiambatisho C cha barua ya tatu kisije kuwa ni kitu kingine kwenye barua ya tano bila maelezo. Ripoti ikirekebishwa iandikwe toleo na tarehe, na barua iseme nini kimebadilika na kwanini.

Majirani nao waambiwe kwa lugha nyepesi, hasa wenye visima, kabla malori hayajaanza kupita. Sio kila sheria inakulazimisha, ila mimi naona ni haki yao, na pia wao ndo watakaokuambia kwamba pale zamani kulikuwa na gereji.

Mamlaka ikijibu na kufunga faili, isome barua yao mstari kwa mstari siku hiyohiyo. Ndani yake kuna masharti, toa kila sharti uliandikie jina la mtu na tarehe, mpime visima mara ngapi kwa mwaka, ripoti iende lini. Foremani na fundi bomba nao wapewe, maana atakayetoboa ule utando wa mvuke kupitisha bomba ni yeye, hakuwepo kwenye vikao vyenu vyote. Siku ya kukabidhi jengo faili zima liende kwa mmiliki pamoja na barua ya makabidhiano inayotaja kila ripoti kwa jina, toleo na tarehe, na asaini kwamba amelipokea.